Kusasisha diski za SSD bila kupoteza data: Tahadhari kwa watumiaji visiwani Lamu

KUMBUKUMBU za visiwa vya Lamu, ambazo kwa karne nyingi zilitunzwa katika hati za wino na masanduku ya mbao, siku hizi zimo pia ndani ya diski ndogo za tarakilishi. Mpigapicha wa harusi mtaani Langoni, mwalimu anayetunza alama za mitihani Faza, mwenye hoteli Shela na karani wa ofisi ya umma Mokowe, wote huweka kazi yao katika kifaa ambacho wengi wao hawajawahi kukiona kwa macho.

Kifaa hicho ni diski ya aina ya SSD, ambayo katika miaka ya hivi karibuni imechukua nafasi ya diski za zamani zenye sahani zinazozunguka. Ina kasi kubwa, haina kelele na hustahimili mtikisiko wa safari ya mashua kuliko ile iliyoitangulia. Hata hivyo, ina tabia moja inayowashtua wenyewe: aghalabu haitoi onyo kabla ya kuharibika. Jana ilifanya kazi barabara. Leo tarakilishi haitambui hata kwamba ipo.

Miongoni mwa visababishi vya msiba huo ni kasoro katika programu dhibiti ya diski, ile ambayo mafundi huiita famuwea. Dawa yake ni kuisasisha, yaani kuweka toleo jipya lililotolewa na mtengenezaji. Lakini dawa hiyo ikitumiwa ovyo hugeuka sumu. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, au toleo la diski nyingine likipakiwa kimakosa, kifaa chote huweza kunyamaza pamoja na kila kilichomo.

Kazi yenyewe huchukua dakika chache tu. Usalama wake hutegemea maandalizi yanayofanywa kabla ya dakika hizo, na kwa mkazi wa kisiwani maandalizi hayo yana uzito zaidi kuliko kwa mkazi wa Nairobi au Mombasa.

Nahodha aliyemo ndani ya diski

Ndani ya SSD hamna kitu kinachozunguka. Data huhifadhiwa kama chaji za umeme katika chembe ndogo mno zilizopangwa kwa kurasa, nazo kurasa hizo hukusanywa katika mafungu makubwa zaidi. Ukurasa ukishaandikwa hauwezi kuandikwa tena juu yake. Ni sharti fungu zima lifutwe kwanza. Isitoshe, kila fungu lina kikomo cha mara linazoweza kufutwa kabla ya kuchakaa.

Kwa sababu hiyo, diski huhamisha data kutoka fungu moja hadi jingine bila mtumiaji kujua, ili uchakavu ugawanyike sawasawa. Anayesimamia shughuli hiyo ni kidhibiti, ambacho ni tarakilishi ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe. Maagizo yanayokiongoza kidhibiti ndiyo programu dhibiti. Huyo ndiye nahodha wa chombo, na ndiye anayetunza daftari linaloonyesha kila kipande cha faili kimewekwa wapi.

Umuhimu wa daftari hilo huonekana linapopotea. Mtu na afikirie maktaba yenye vitabu laki moja visivyoandikwa majina migongoni. Daftari la maktaba likiungua, vitabu vyote vingalipo rafuni, ila hakuna awezaye kukipata anachokitaka. Ndivyo ilivyo kwa SSD ambayo programu dhibiti yake imeharibika: huenda picha zote zimo, lakini hazifikiki.

Kasoro zilizotikisa ulimwengu

Visa vya programu dhibiti kuua diski zilizo nzima si vigeni. Mnamo 2011, baadhi ya diski za Intel za toleo la 320 zilipopoteza umeme kwa ghafla ziliamka zikidai kuwa zina ukubwa wa megabaiti 8 pekee, na data yote ikawa haipatikani. Kampuni hiyo ilitoa toleo la kurekebisha kasoro hiyo mwezi Agosti mwaka uo huo. Kisa hicho kinawahusu hasa watu wanaoishi mahali ambapo umeme huondoka bila kubisha hodi.

Mapema mwaka wa 2012, ikabainika kuwa diski za Crucial za toleo la m4 huganda zikishatimiza saa 5,184 za kazi, muda ulio sawa na siku 216 za kuwashwa mfululizo. Mwenye tarakilishi aliizima na kuiwasha, ikafanya kazi kwa saa moja, kisha ikaganda tena. Toleo jipya la programu dhibiti lilikomesha tatizo hilo bila kugusa data.

Kisa kilichowatia watu hofu zaidi kilitangazwa na kampuni ya Hewlett Packard Enterprise mnamo Novemba 2019. Baadhi ya diski zilizotumiwa katika seva zake zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Nambari hiyo ni mpaka unaojulikana katika hesabu za tarakilishi: kaunta ya biti 16 inayohesabu nambari chanya na hasi haiwezi kuvuka 32,767. Machi 2020, kampuni hiyo ikatangaza kasoro nyingine iliyofanana nayo, safari hii kwa diski ambazo zingefikia kikomo zikitimiza saa 40,000.

Jambo la kuogofya lilikuwa kwamba diski zilizowashwa siku moja zingekufa karibu wakati mmoja. Aliyeweka data yake katika diski mbili za aina moja, zilizonunuliwa pamoja na kuwashwa pamoja, alidhani ana akiba, kumbe zote mbili zilikuwa zikielekea kaburi moja. Aliyesasisha mapema alinusurika. Aliyechelewa hadi saa ikatimia hakuwa na la kufanya.

Wapigapicha nao wana kisa kinachowahusu. Mwaka wa 2023, Western Digital ililazimika kutoa toleo jipya la programu dhibiti kwa baadhi ya diski za kubebeka za SanDisk Extreme, baada ya watumiaji kulalamika kwamba diski zao zilijitenga ghafla na tarakilishi na faili kutoweka.

Si kila sasisho ni la kukimbiliwa

Kwa upande mwingine, zipo nyakati ambapo tiba imeleta maradhi. Oktoba 2009, Intel ilitoa sasisho la diski zake za X25-M, na muda mfupi baadaye ikalazimika kuliondoa kwa sababu baadhi ya watumiaji wa Windows 7 walijikuta na tarakilishi zisizowaka.

Funzo ni kwamba mtumiaji anapaswa kusoma maelezo ya toleo kabla ya kuliweka. Iwapo mtengenezaji anasema toleo hilo linazuia upotevu wa data au kufa kwa diski, kuchelewa ni hatari. Iwapo linaongeza kasi kidogo tu, au linahusu kifaa ambacho mtumiaji hana, hakuna hasara katika kungoja majuma kadhaa ili wengine waonje kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Ni muhimu pia kufahamu kuwa sasisho huzuia, wala haliponyi kila wakati. Diski za Samsung za toleo la 980 Pro zilizopatwa na kasoro ya kujifunga, zikawa za kusomwa tu, hazikufunguliwa na programu mpya. Zilizonufaika ni zile ambazo hazikuwa zimeathirika. Hali kadhalika, wenye diski za 990 Pro ambazo kipimo chake cha uzima kilishuka upesi kupita kiasi, walielezwa mnamo 2023 kuwa toleo jipya lingesimamisha mporomoko huo bila kurejesha kilichokwisha kupungua.

Kwa hivyo, diski ambayo tayari inaonyesha dalili za ugonjwa, kama vile kuganda, kutoweka na kurudi, au kukataa kuandika, haifai kusasishwa kabla ya chochote kingine. Kwanza iokolewe data iliyomo, faili zisizo na mbadala zikitangulia.

Kwa nini Lamu ijihadhari zaidi

Kisiwa cha Lamu kilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa katika miaka ya 2010. Muunganisho huo ulileta nafuu, lakini pia ulikifunga kisiwa na matatizo ya gridi nzima. Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, na hali hiyo ikajirudia Novemba na Desemba mwaka uo huo. Katika visiwa na vijiji vya mbali, wapo wanaotegemea sola au jenereta ndogo, nazo zina vikomo vyake.

Intaneti nayo ina misukosuko. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na kuzorotesha mawasiliano katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Faili inayopakuliwa wakati kama huo huweza kufika pungufu huku jina lake likionekana kamili.

Zaidi ya hayo kuna umbali. Kuokoa data kutoka SSD iliyokufa ni kazi ya maabara yenye vifaa maalumu, si ya fundi wa kibanda. Mkazi wa Kizingitini mwenye diski iliyonyamaza atapanda boti hadi Mokowe, kisha basi kwa mamia ya kilomita, akiwa hana hakika ya kurudi na chochote. Ndiyo maana mafundi wa majahazi wa Matondoni hukalafati chombo kikiwa pwani kavu. Hakuna azibaye ufa katikati ya mkondo ilhali angeweza kuuziba kabla ya kung'oa nanga.

Hatua ya kwanza: Nakala

Hakuna usasishaji salama bila nakala ya akiba. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba data huweza kupotea, na dhamana yao hulipia kifaa tu, si kilichomo ndani yake.

Nakala iwekwe katika diski tofauti, ikiwezekana ya kampuni tofauti au ya aina ya zamani yenye sahani. Diski hiyo ichomolewe kabla ya kazi kuanza, na nakala nyingine iwe katika jengo jingine au katika hifadhi ya mtandaoni. Aidha, SSD isigeuzwe sanduku la kufungia kumbukumbu kwa miaka mingi bila kuwashwa. Kipimo cha kimataifa cha shirika la JEDEC kinataka diski ya mtumiaji wa kawaida iliyokwisha kuchakaa ishike data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzi joto 30 za selsiasi. Kadiri joto linavyozidi ndivyo muda huo unavyopungua.

Baada ya kunakili, mtumiaji afungue faili kadhaa kutoka kwenye nakala, zikiwemo picha kubwa na video, ahakikishe zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Historia ya visiwa hivi inashuhudia thamani ya jambo hilo. Inasemekana kuwa hati asili ya Habari za Pate, tarikhi ya wafalme wa ukoo wa Nabahani, iliangamia Waingereza walipoushambulia mji wa Witu mwaka wa 1890. Tarikhi hiyo ingali inasomwa leo kwa kuwa ilikuwa imehifadhiwa kwingine, katika nakala na katika vifua vya watu. Katika zama zetu, hati za Msikiti wa Riyadha mjini Lamu zilipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini. Wavamizi wa mtandaoni waliposhambulia maktaba hiyo ya London mnamo Oktoba 2023, huduma zake nyingi za mtandaoni zilizimika kwa miezi kadhaa. Hata mlinzi mkubwa huanguka. Mwenye nakala zaidi ya moja ndiye asiyeangamia naye.

Hatua ya pili: Kuitambua diski

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa diski zenye jina moja ni kitu kimoja. Mtumiaji anahitaji kujua mambo matatu: jina kamili la toleo, ukubwa wake, na nambari ya programu dhibiti iliyomo kwa sasa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha yote hayo katika Windows, pamoja na saa ambazo diski imefanya kazi. Maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi, kwani tarakilishi isipowaka, kilichoandikwa ndani yake hakitasomeka.

Ikiwa diski ilikuja ndani ya kipakatalishi cha Dell, HP au Lenovo, toleo jipya litafutwe kwanza katika tovuti ya mtengenezaji wa kipakatalishi. Diski hizo huweza kuwa na programu dhibiti ya pekee hata kama kibandiko kinataja Samsung au Micron. Kwa tarakilishi za Apple, programu dhibiti ya diski huja pamoja na masasisho ya mfumo wa macOS. Watumiaji wa Linux nao wana zana ya fwupd, ambayo huleta matoleo yaliyowasilishwa na watengenezaji wanaoshiriki katika mpango huo.

Diski bandia ni hatari ya pekee. Zipo zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa na nembo ya kampuni mashuhuri na ukubwa wa uongo. Iwapo zana rasmi ya mtengenezaji haiitambui diski yenye jina lake, na diski yenyewe imeunganishwa sawasawa, mtumiaji asilazimishe kuisasisha. Heri anakili data yake na kumrudia aliyemuuzia.

Hatua ya tatu: Kupakua kutoka chimbuko

Faili ya sasisho ipakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji, au kupitia zana yake rasmi kama Samsung Magician, Crucial Storage Executive au Kingston SSD Manager. Haifai kuichukua kutoka flashi ya rafiki, kundi la WhatsApp au saiba ambako haijulikani imekaa tangu lini na imepitia mikono ya nani.

Baadhi ya kampuni huchapisha alama ya uhakiki, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotokana na hesabu iliyofanywa juu ya faili nzima. Mtumiaji akifanya hesabu hiyo hiyo kwa faili aliyoipata na mifuatano ikalingana, basi faili imefika kamili. Herufi moja ikitofautiana, faili ifutwe na kupakuliwa upya. Wanakili wa Siyu, mji wa Pate uliosifika kwa misahafu yake katika karne za 18 na 19, wasingeshangazwa na utaratibu huu. Neno la nakala lililinganishwa na neno la asili kabla ya kazi kuitwa kazi.

Hatua ya nne: Umeme

Hapa ndipo mkazi wa kisiwani anapopaswa kuwa mkali kuliko wengine. Kipakatalishi kiwe kimeunganishwa na umeme huku betri yake ikiwa imejaa, au angalau imevuka nusu, na iwe betri inayoshika chaji kwa kweli. Betri iliyochoka inayozima mara waya unapochomolewa haihesabiki kuwa kinga.

Tarakilishi ya mezani isisasishwe bila kifaa cha UPS, na kifaa hicho kijaribiwe kwanza kwa kuchomoa waya wake ukutani wakati hakuna kazi muhimu inayoendelea. Kikishindwa kuishikilia tarakilishi kwa dakika 10, hakifai.

Kwa anayetegemea sola, kazi ifanywe jua likiwa limepanda na betri za mtambo zikiwa zimejaa, wala si usiku wakati jokofu na taa zinagombania kilichobaki. Anayetumia jenereta ahakikishe mafuta yapo ya kutosha na pasiwe na pampu au kifaa kizito kitakachowashwa na kuyumbisha umeme. Siku ya dhoruba, au siku ambayo umeme umekwisha kukatika mara mbili, kazi hiyo iahirishwe.

Hatua ya tano: Kuitayarisha tarakilishi

Programu zote zifungwe na vifaa vya nje visivyohitajika vichomolewe. Mpangilio unaoifanya tarakilishi ilale yenyewe uzimwe, na masasisho ya Windows yasiwe yakiendelea wakati huo.

Iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi huo usitishwe kwa muda na ufunguo wake wa kurejesha unakiliwe mahali salama nje ya tarakilishi hiyo. Wengine wamesasisha diski zao salama, kisha wakajikuta mbele ya skrini inayodai tarakimu 48 wasizowahi kuziona.

Diski ya ndani isisasishwe ikiwa katika kasha la USB, maana zana nyingi haziwezi kuzungumza nayo vyema kupitia kasha hilo. Iunganishwe moja kwa moja na tarakilishi. Diski za kubebeka ambazo mtengenezaji amezitolea zana yake ni habari nyingine. Hizo zitumie waya wake mzuri, bila kigawanyaji katikati.

Hatua ya sita: Kazi yenyewe

Zana ikishaanza, mtumiaji aiache. Asibonyeze chochote, asifunike kipakatalishi, asichomoe waya. Mstari wa maendeleo ukisimama kwa dakika kadhaa si ishara kwamba kazi imeshindikana, kwani wakati huo kidhibiti huweza kuwa kinaandika maagizo yake mapya. Wengi waliopoteza diski zao walizipoteza kwa kukosa subira ya dakika tano.

Kazi ikikamilika, tarakilishi izimwe kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha iwashwe, isipokuwa maelezo ya mtengenezaji yaseme vinginevyo. Baadhi ya diski haziingii katika toleo jipya mpaka zikose umeme na kuupata tena, na kuwasha upya kwa kawaida hakutoshi.

Hatua ya saba: Uhakiki

Mtumiaji afungue tena CrystalDiskInfo au zana ya mtengenezaji, alinganishe nambari ya toleo na ile aliyoiandika kwenye karatasi. Kisha afungue faili za zamani na mpya, na arejeshe ulinzi wa BitLocker alioutisha. Nakala ya akiba isifutwe. Iendelee kuwepo na kuongezewa kazi mpya kama desturi.

Mambo yakiharibika

Diski isipoonekana baada ya kusasishwa, jambo la kwanza ni kutulia. Tarakilishi izimwe, iachwe kidogo, iwashwe, kisha muunganisho wa diski ukaguliwe. Mara nyingine hayo hutosha. Baadhi ya diski za NVMe zina nafasi zaidi ya moja ya kuwekea programu dhibiti, kwa kuwa kanuni zake zinaruhusu hadi nafasi 7, na fundi mjuzi huweza kuirudisha diski kwenye toleo la awali.

Lisilofaa ni kurudia kuisasisha kwa nguvu kwa zana zilizookotwa mtandaoni. Zipo zana za kiwandani zinazoifufua diski kwa kulifuta daftari lake lote. Diski huamka ikiwa tupu, nayo matumaini ya kuokoa picha huzikwa hapo hapo. Tena diski nyingi za kisasa husimba data ndani ya kidhibiti, hivyo kuzing'oa chipu na kuzisoma peke yake hakusaidii.

Anayeipeleka diski yenye taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi kwa fundi akumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtwika jukumu juu ya taarifa hizo hata zikiwa mikononi mwa mwingine. Makubaliano ya maandishi si anasa.

Ofisi zenye diski nyingi

Shule, zahanati na ofisi zenye tarakilishi kadhaa zisizisasishe zote siku moja. Ianze ile isiyo na kazi nyeti, itumiwe kwa juma moja, ndipo zifuate nyingine. Diski kuu na diski ya akiba kamwe zisisasishwe kwa pamoja, ili kasoro ya toleo jipya isizikumbe zote mbili.

Daftari la kawaida la karatasi hutosha kuandika toleo la kila diski, tarehe iliponunuliwa, programu dhibiti iliyomo na saa za kazi. Kila miezi 6, karani alinganishe orodha hiyo na matangazo ya watengenezaji. Ofisi iliyofanya hivyo mwaka wa 2019 ingegundua kasoro ya saa 32,768 ikiwa bado na muda. Ambayo haikuwa na daftari ingeijua siku mashine zake zilipozimika.

Gharama ya tahadhari hizi ni diski moja ya ziada, karatasi, na saa chache za mchana ambapo umeme umetulia. Mizani yake upande wa pili ni picha za harusi isiyoweza kurudiwa, alama za mwaka mzima wa shule, au sauti ya mzee aliyerekodiwa kabla ya kufariki. Aliye na nakala na achague siku yake ya kusasisha. Asiye nayo, hata kama mtengenezaji ametoa onyo kali, na aanze kwa kunakili leo. Kitufe cha kusasisha kitamngoja.